Mwaka wa Kujitia Hamnazo

Rahma, binti yangu, anajifunza Kikorea. Hajawahi kukutana na Mkorea hata wa kupita njia hapa Mugumu, lakini jioni akishamaliza vyombo huchomeka spika za masikioni, akakaa kwenye ngazi ya baraza na kucheka peke yake maneno ya watu wasiomjua. Anasema ndivyo lugha inavyoingia siku hizi: huhitaji mwalimu wala ubao, unajitumbukiza tu ndani ya maongezi ya watu mpaka yanageuka kuwa yako. Simkatazi. Ila nikimwona vile, macho yapo kwetu na masikio yapo nyumba nyingine, hofu hunishika, nami naona haya kumweleza kwamba mama yake, mtu mzima mwenye duka lake la vitambaa, anaogopa kuelewa lugha ya watu. Wiki ile nilikuwa nimeanza kutafuta namna ya kumwambia, ndipo Ghati alipoingia dukani na tepu yake ya kupimia ikiwa bado shingoni, akakaa juu ya robota la vitenge bila kukaribishwa, akasema, "Dada, bibi hayupo tena. Tunazika Susuni keshokutwa. Utakuja?" Nikasema nitakuja. Halafu, badala ya kulia, nilianza kukunja upya vitenge vilivyokwisha kukunjwa.

Bibi huyo hakuwa bibi yangu. Alikuwa bibi yake Ghati, Bibi Wankyo, na nilikaa katika mji wake mwaka mmoja wa ujana wangu kwa sababu ya simu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina kazi, natia vifungo nguo za wateja wa baba, na simu za kugusa ndiyo kwanza zilikuwa zinaanza kuonekana mikononi mwa watu wa kawaida. Mradi mmoja wenye ofisi ya chumba kimoja kule Musoma ulikuwa unatengeneza programu ya kufundisha Kikurya kwa wageni: wauguzi, walimu, watu wa dini, wote wanaopangiwa kazi Tarime wakafika hawajui hata kusalimia. Programu ile haikuwa na tafsiri. Ilikuwa na sauti tu za watu wakiishi maisha yao, mama anamwita mtoto, wanaume wanabishana juu ya mbuzi, mwiko unagonga sufuria, na picha za kugusa kuonyesha umeelewa nini. Walitaka mtu asiyejua Kikurya kabisa aende kukaa na familia, arekodi maongezi ya nyumbani, ayasikilize tena na tena, ili waone kama lugha itaingia yenyewe. Mimi, mtoto wa fundi cherehani ambaye wazee wake walitoka pwani, niliyekulia Mugumu nikiongea Kiswahili na maneno machache ya Kiikoma ya sokoni, nilifaa kuliko wote. Mratibu, dada mmoja mchangamfu aliyeitwa Neema, alinikabidhi simu, paneli ndogo ya sola na sharti moja: ukifika huko, sahau Kiswahili.

Mpaka leo nikifumba macho naliona jiko la Bibi Wankyo. Lilikuwa nyumba ya duara ya udongo, paa la nyasi lililokolea moshi hadi likang'aa kwa weusi, mafiga matatu katikati, kibuyu cha maziwa kimening'inia, na mlango mfupi uliomlazimisha hata mtoto kuinama. Simu ilikaa juu ya debe la unga. Kigoda changu kilikuwa upande wa mlango, mgongo wangu nje, kwa kuwa mimi ndiye niliyekohoa moshi. Mbele yangu alikaa Bibi mwenyewe, mjane mkavu, mrefu, aliyesema kidogo na kutazama sana. Kulia kwake alikaa mwanawe Chacha, mtu wa sauti nzito, ambaye mwaka uliotangulia wezi walikuwa wamemmalizia zizi. Kushoto alikaa Bhoke, mke wa Chacha, na karibu na moto binti yao Ghati, mwanafunzi wa darasa la saba, miguu imejaa vumbi la shule. Tulikula ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama, maziwa ya mgando, na mimi nikawekewa dagaa, maana nyama ya pale haikuchinjwa na Mwislamu. Hakuna aliyewahi kuniuliza wala kunitania kwa hilo. Bibi aliwanunua tu kila gulio, akawaweka upande wangu wa sinia. Susuni iko karibu na mpaka, na mara nyingine simu ilikamata mtandao wa Kenya, ikanikaribisha kwa ujumbe katika nchi ambayo sijaitia mguu.

Mchana nilichukua simu, nikakaa nyuma ya ghala la mahindi, nikasikiliza chakula cha jana. Mwanzoni ilikuwa kelele tupu. Baadaye kelele ikaanza kuachana, kama unavyofumua pindo la nguo, uzi mmoja ukitoka na mwingine unafuata. Ghati akirudi shule alinikuta pale, akachukua spika moja ya sikio, tukasikiliza wote, yeye akinionyesha kwa mikono: hii ni kuni, hii ni hasira, hapa baba anadanganya. Alikuwa mwalimu mkali. Nikikosea alinipiga kofi dogo la goti na kunirudisha mwanzo. Nilimpenda yule mtoto, na nasema hivyo mapema kwa sababu yote yaliyofuata yalitokana na hapo.

Tulikuwa na makubaliano na familia kwamba yeyote asiyetaka kurekodiwa aseme neno moja, "Zima," nami nizime. Chacha alilitumia sana. Alikuwa anaiogopa ile simu, akiamini kuna watu wamekaa Dar es Salaam wanamsikiliza akila. Jioni moja, mvua ikinyesha, alinigeukia akasema kwa Kiswahili, "Mgeni, zima." Nikazima, nikaifunika kwa ungo ili aridhike zaidi, nikarudi kwenye dagaa wangu. Akaanza kuzungumza na mama yake kwa Kikurya. Nilikuwa nimekata tonge la pili au la tatu nilipogundua kwamba sisikii tena maneno, nasikia habari. Furaha iliyonijia sijapata kuisahau, ilinipanda kifuani nikatamani kumshika Ghati mkono nimwambie lugha imeingia, imeingia yote. Ilidumu pumzi moja. Kwa sababu habari yenyewe ilikuwa hii: yule mama tajiri wa kule Kenyamonta, asiye na mtoto wa kiume, amekubali. Ng'ombe wako tayari. Ghati akimaliza mtihani wa darasa la saba, ataenda.

Wanaojua mila za kwetu watakuwa wameshaelewa. Ni nyumba ntobhu. Mwanamke mwenye mali ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume hutoa ng'ombe, akamwoa mwanamke mwenzake, na huyo akazaa na mwanamume wa kutafutwa, watoto wakawa wa nyumba ya yule mama. Siitukani mila hiyo. Nawajua wanawake waliokwenda wenyewe kwa akili zao timamu, wakapata huko amani ambayo wengine hatujaipata kwa waume. Lakini Ghati alikuwa mtoto. Alikuwa bado anarusha jiwe kuangusha mapera. Na mwanamume wa kutafutwa angekuja usiku wowote atakapoambiwa aje. Bhoke aliuliza, kwa sauti ya chini, huku akinitupia jicho, "Na huyu, akisikia?" Chacha akacheka. "Huyu hajui hata kuomba chumvi," alisema. Kisha akaacha kucheka. "Na siku akijua, kutoka hapa mpaka barabara kubwa ni mbali, na pori halina mdomo." Waliizima simu, hawakunizima mimi.

Mimi ni mwoga, sijawahi kujisifu kwa lingine. Wapo watu ambao wangesimama pale pale wakasema. Wengine wangekimbilia kwa mtendaji wa kijiji, ambaye jioni nyingi alikaa na Chacha kwenye kibao kimoja. Mimi nilifanya lililo jepesi kwa mwoga, nikajitia hamnazo. Kuanzia kesho yake nilikuwa mjinga wa makusudi. Nikitaka chumvi nilinyoosha kidole. Wakitaniana nikachelewa kucheka, au nikacheka pasipostahili. Na kwa kuwa Chacha alipenda kuchukua ile simu na kumwita Ghati amwonyeshe nimefikia wapi, nilianza kugusa picha za uongo. Sauti ikisema kuni, nagusa kuku. Ikisema mvua, nagusa mzee. Dada Neema alinipigia kutoka Musoma, akaniuliza kwa upole kama ninaumwa. Kibaya zaidi ni kujifanya mjinga mbele ya Ghati. Alirudia neno lile lile mpaka macho yakamjaa machozi ya uchovu, akaniambia kwa Kiswahili, "Dada, mbona unarudi nyuma? Mwanzoni ulikuwa unaweza." Nilitaka kumwambia yote. Lakini uso wa Ghati haukujua kuficha kitu, na jioni ile ile baba yake angeusoma. Basi niligusa picha nyingine ya uongo, na yeye akanipiga kofi la goti bila nguvu.

Hofu ya kuelewa ni ya namna yake. Ukiwa hujui lugha, watu wakinong'ona unaendelea kula. Ukishajua, kila mnong'ono ni wako. Nilikuwa nalala nikijibana mdomo, nikihofia kuota kwa Kikurya. Mbwa akibweka nilisikia kwanza nani anamnyamazisha na kwa neno gani. Na sikuweza kuacha kujifunza, hilo ndilo lililonitesa, kwa sababu sikio likishafunguka halina kifuniko. Kila siku nilijua zaidi ya jana, na kila siku nilikuwa na mengi zaidi ya kuficha. Mtihani wa Ghati ulikuwa unakaribia. Kichwani nilipanga safari za kutoroka naye, nikazipangua zote kwa woga.

Ndipo ikaja jioni ya nyoka. Ghati alikuwa nje anafunga ndama. Tulikuwa wanne jikoni, mimi kwenye kigoda changu, mlango wazi mgongoni, mikono yangu kwenye sinia. Bibi Wankyo alikuwa anamimina maziwa. Bila kubadili sauti, bila kuacha kumimina, alisema kwa Kikurya, "Nyuma ya mgeni kuna nyoka." Chacha akainua macho, akatazama mlangoni nyuma yangu. Bhoke naye akatazama. Macho yao yote manne yalipita juu ya bega langu yakaganda pale. Mwili wangu wote ulitaka kuruka. Uti wa mgongo ulikuwa baridi, na nilihisi, au nilidhani nahisi, kitu kinagusa upindo wa khanga yangu. Nikakata tonge. Nikalibonyeza, nikalichovya, nikalitia mdomoni, nikatafuna kitu ambacho kingekuwa udongo nisingejua. Nilisema shahada moyoni. Nilikuwa tayari kuumwa kuliko kujulikana, na nashangaa hadi leo kwamba woga unaweza kumfanyia mtu kile ambacho watu huita ujasiri. Bibi akaendelea kumimina maziwa mpaka kikombe kikajaa. "Ameondoka," alisema. Chacha alishusha pumzi, akatabasamu, akanyoosha mkono kwenye sinia.

Asubuhi Bibi alinijia nyuma ya ghala. Kwa miezi yote ile hakuwahi kunisemesha Kiswahili, nilidhani hakijui. Alikijua vizuri, kile cha kunyooka cha watu wa bara. "Mgeni, simu yako inakusumbua," alisema. Nikasema, "Bibi, shikamoo. Haisumbui." Akasema, "Marahaba. Inakusumbua. Utaipeleka Mugumu kwa fundi, Ghati akishafanya mtihani wake wa mwisho. Yeye atakubebea mfuko." Nikauliza, "Na baba Ghati?" Akanitazama kwa yale macho yake makavu. "Baba Ghati atakuwa mnadani," alisema, akaondoka. Nikabaki nimekaa pale na baridi ya mgongoni ikarudi. Kwa sababu njia ya Mugumu ndiyo njia ya Kenyamonta. Niliamini kabisa kwamba bibi ananitumia mimi, mgeni asiyejua kitu, kumfikisha mtoto kwenye ng'ombe zao, ili asipige kelele njiani.

Tulipanda basi Tarime, Ghati kakaa dirishani, amefurahi kama anakwenda kwenye harusi ya mtu mwingine. Alikuwa amevaa gauni la bluu la ibada na mfuko wangu umelala magotini. Niliishika ile mikanda ya mfuko mpaka vidole vikafa ganzi. Kila basi liliposimama nilihesabu wanawake wazee waliosimama kando ya barabara. Tulipokaribia njia ya kuingilia Kenyamonta dereva akapunguza mwendo, akasimama. Mama mmoja mnene mwenye kitenge kipya alikuwa pale na vijana, akasogea mlangoni, akachungulia ndani, akiwatazama abiria mmoja mmoja. Nilimvuta Ghati kichwa nikakilaza mapajani mwangu, nikamtupia khanga. "Mwanao anaumwa?" mama yule aliniuliza. Nikasema, "Malaria." Akasema pole, akamshusha mjukuu wake aliyekuwa kiti cha nyuma, na kuku wake, basi likaondoka. Ghati alichomoa kichwa akauliza kwa Kikurya, akisahau kwamba sikijui, ni nini. Nami nikamjibu kwa Kikurya. Sentensi nzima, ndefu, hakuna kosa: tulia, nitakwambia yote tukifika kwa mama yangu. Alinitazama mdomo wazi. Mpaka tunafika Mugumu hakunipiga kofi la goti.

Ghati alibaki kwa mama yangu akashika cherehani ya baba. Mimi nilirudi Susuni, maana nisingerudi wangejua. Nilipomwambia Bibi kwamba Ghati amebaki anajifunza cherehani, alisema, "Vizuri. Ukiulizwa, sema nimesema mimi." Hiyo ndiyo wiki niliyoogopa kuliko zote. Nilikaa jikoni nikipukuchua maharage huku mama na mwana wakigombana juu ya kichwa changu. "Nimemtuma mimi," alisema Bibi. "Mtoto wa mwanangu atashona nguo. Warudishie ng'ombe wao wa uchumba." Chacha alipiga teke figa. "Nani amekwambia niliyopanga na yule mama ni ya kuvunjwa? Nani mwingine anajua?" Bibi akasema, "Nani ajue? Huyu?" Wote wakanitazama. Nikatafuta jiwe ndani ya maharage. Chacha akaniinamia, akaniuliza kwa Kiswahili, "Mwanangu yuko wapi?" Nikasema, "Baba Ghati, bibi alisema abaki kwa mama afundishwe cherehani. Nimekosea?" Alinyooka, akatoka. Nilimaliza miezi iliyobaki nikiwa mjinga. Dada Neema aliandika katika taarifa yake kwamba njia ile haikufaa, mwanafunzi alikaa karibu mwaka mzima na hakupata lugha. Nasikia waliachana na programu ile. Nasikitika, kwa sababu ilikuwa nzuri kuliko walivyojua.

Sasa tulikuwa tumerudi kumzika. Ghati alikuwa ameshapatana na baba yake miaka mingi nyuma, baada ya kumshonea koti la kwanza, lakini mimi sikuwahi kukanyaga pale tena. Jiko limeezekwa bati. Ndani nilimkuta Bhoke, mzee sasa, anapakua wali. Alinikumbatia, tukalia, kisha akaniketisha pembeni akaniambia jambo. "Ile jioni ya nyoka ilikuwa ya Chacha," alisema. "Alimwomba mama akupime kama unasikia. Tukaambiwa wote tutazame mlangoni. Wewe hukuruka. Chacha akalala ameridhika." Nikamuuliza, "Na bibi?" Bhoke akacheka mpaka akashika ukuta. "Mama alicheka hivi hivi, tukiwa wawili. Aliniambia, mtu asiyejua lugha akiona watu wote wanatazama nyuma yake, anageuka kuona kuna nini. Hata mbuzi anageuka. Huyu hakugeuka. Huyu anasikia kila kitu, na amekubali kuumwa anyamaze. Nitampa mtoto."

Miaka yote nilidhani nilifaulu kujificha. Kumbe aliniona tangu tonge lile, na mkono wake ndio uliokuwa mgongoni mwangu ndani ya basi. Nililia kilio ambacho sikuwa nimekilia tangu Ghati aliponiletea habari dukani. Halafu nikakumbuka kuuliza. "Baba Ghati anajua?" Bhoke akaacha kucheka. "Mama alimwambia mwenyewe, alipokuwa anakata roho. Alitaka kuondoka akiwa mwepesi." Nilisimama kwenda kuchukua maji, nikabaki katikati ya jiko na kikombe mkononi, mgongo mlangoni, pale pale kilipokuwa kigoda changu.

Nyuma yangu sauti nzito, iliyochakaa, ikasema kwa Kikurya bila haraka, "Nyuma ya mgeni kuna nyoka."

Nikageuka.

Chacha alikuwa ameinama mlangoni, ndevu nyeupe, fimbo mkono mmoja na kiti cha plastiki mkono mwingine. Alinitazama kwa macho ya mama yake, ambayo sikuwa nimeyaona kwake zamani. "Ulisikia yote," alisema.

"Yote, baba Ghati," nilimjibu kwa Kikurya.

Aligeuza uso akatazama uani, ambako Ghati alikuwa anawagawia waombolezaji chai, tepu bado shingoni, maana hukumbuka kila kitu isipokuwa kuivua. Kisha akaingiza kile kiti ndani, akakiweka chini mbele yangu.

"Basi kaa ule," alisema.

Nikakaa. Lakini kwanza nilikigeuza kiti, nikaelekea mlango.